Kabla ya kununua pikapu ya haibridi, piga hesabu ya gunia

MSIMU wa mavuno unapokwisha katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mazungumzo ya wakulima hubadilika. Kabla ya mavuno huzungumzia mvua na mbegu. Wakishauza ngano, maharage, mbaazi, alizeti au vitunguu swaumu, huzungumzia gari.

Si jambo la kushangaza. Mkulima asiye na usafiri huuza mazao yake shambani kwa bei anayoitaja mnunuzi, na mara nyingi kwa gunia la lumbesa. Mwenye gari anaweza kufika Babati, Karatu au Arusha, akauliza bei kwa zaidi ya mtu mmoja, na kama haikumridhisha akarudi na mzigo wake. Kwa wengi, pikapu ni silaha ya kujadiliana bei.

Lakini gari hunywa mafuta, na hapo ndipo tatizo la miaka ya karibuni lilipoanzia. Agosti 2022, bei ya kikomo ya petroli iliyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilivuka Sh. 3,400 kwa lita jijini Dar es Salaam, licha ya serikali kuanza kutoa ruzuku ya Sh. bilioni 100 kwa mwezi. Aliye mbali na bandari hulipa zaidi, kwa sababu mafuta nayo husafirishwa kwa gari.

Tangu wakati huo neno "haibridi" limezoeleka masikioni mwa wanunuzi wa magari yaliyotumika. Maana yake ni gari lenye injini ya mafuta ya kawaida pamoja na mota ya umeme na betri kubwa. Kwanza zilikuja gari ndogo za aina ya Toyota Prius na Aqua kutoka Japani. Sasa wapo wanaotazama pikapu kubwa za Marekani: Chevrolet Silverado, GMC Sierra, Ford F-150 na Toyota Tundra, zote zikiwa na matoleo ya haibridi. Anayeuza husema kwamba utapata nguvu ya lori na ulaji wa mafuta wa gari dogo.

Swali la kujiuliza ni je, akiba hiyo ipo kwenye barabara za Haydom, Dongobesh, Basotu na Endasak, au imebaki kwenye foleni za miji ya Marekani?

Akiba inapatikana kwenye breki

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza tuelewe gari hili linaokoaje mafuta. Haibridi ya kawaida haichomekwi kwenye umeme wa TANESCO. Betri yake hujazwa na injini, na pia na magurudumu wakati dereva anapopunguza mwendo. Katika gari la kawaida, nguvu ya mwendo hupotea kama joto kwenye breki. Katika haibridi, sehemu ya nguvu hiyo hurudishwa kwenye betri, kisha hutumika kuondokea tena. Aidha, gari likisimama kwenye foleni injini hujizima.

Kwa maneno mengine, haibridi hupata faida yake kubwa pale dereva anaposimama na kuondoka mara nyingi. Huo ni mwendo wa Kariakoo. Kutoka Katesh kwenda Singida, barabara ya lami iliyonyooka, dereva hukanyaga breki mara chache, na betri haina cha kuvuna.

Vipimo rasmi vya Marekani vinaonyesha jambo hilo waziwazi. Ford F-150 ya haibridi yenye magurudumu manne ya kuvuta, iliyoanza kuuzwa kama toleo la mwaka 2021, ilipimwa kwa takriban kilometa 10.2 kwa lita mjini na vivyo hivyo barabara kuu. Gari la aina hiyo hiyo, lenye injini ya lita 3.5 bila haibridi, lilipata takriban kilometa 7.7 mjini na 9.8 barabara kuu.

Tuchukue mwenye gari anayekwenda kilometa 20,000 kwa mwaka, na bei ya mfano ya Sh. 3,000 kwa lita. Akiendesha mjini tu, haibridi itamwokolea karibu lita 640, yaani zaidi ya Sh. milioni 1.9 kwa mwaka. Akiendesha barabara kuu tu, itamwokolea takriban lita 80, yaani Sh. 240,000.

Sasa tuseme haibridi imezidi ile ya kawaida kwa bei ya Sh. milioni 15. Mtu wa mjini atairudisha tofauti hiyo katika miaka minane hivi. Mtu wa barabara kuu atahitaji zaidi ya miaka 60. Gari litakuwa chuma chakavu, na yeye ni babu wa vitukuu.

Barabara zetu za vumbi, nyingi zikiwa chini ya TARURA, si mji wala si barabara kuu. Mwendo ni mdogo, mashimo ni mengi, na wakati wa masika udongo mweusi wa mbugani hushika magurudumu. Breki hutumika, lakini nguvu kubwa huliwa na tope na mchanga, na nguvu iliyoliwa na tope hairudi kwenye betri. Anayetarajia akiba ya mjini kwenye njia za namna hii anajidanganya.

Na mteremko je?

Wapo wanaouliza swali la busara: kama gari hujichaji likipunguza mwendo, je, miteremko ya Bonde la Ufa haitatujazia betri bure? Anayeshuka Mlima Magara, au anayetoka Dongobesh kushukia Dareda, hushuka mwendo mrefu mguu ukiwa juu ya breki.

Hesabu yake si ngumu. Gari na mzigo vyenye uzito wa tani tatu, vikishuka mteremko wa kimo cha mita 500, hutoa nishati ya takriban uniti nne za umeme, zile zile tunazonunua kwa LUKU. Hata baada ya kutoa zinazopotea njiani, kinachobaki si kidogo. Tatizo ni chombo cha kuhifadhia. Betri ya F-150 ya haibridi ina uwezo wa uniti moja na nusu tu, na ya Tundra haifiki mbili. Ni sawa na kukinga mvua ya masika kwa sufuria. Betri ikishajaa, kazi ya kulizuia gari hurudi kwenye injini na breki za kawaida. Dereva anayedhani umeme utamshikilia hadi chini anahatarisha maisha yake na ya abiria wake.

Wakati wa kupanda na mzigo mambo hugeuka. Mota ya umeme husaidia vizuri mwanzoni, lakini kwenye mlima mrefu betri hupungua mapema, na kazi inayobaki ni ya injini, ambayo sasa inabeba mazao pamoja na betri na mota zenyewe.

Mwili mkubwa, magunia machache

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hawalichunguzi. Pikapu kubwa ya Marekani ni ndefu na pana, na mtu akiiona hudhani itabeba kuliko Hilux. Si lazima iwe hivyo.

Silverado na Sierra za haibridi zilizotengenezwa kati ya 2009 na 2013 zilikuwa na injini ya silinda nane ya lita 6.0. Hata hivyo, uzito zilioruhusiwa kubeba, watu wakiwemo, ulikuwa kati ya kilo 600 na 700. Ukitoa dereva na mwenzake, zinabaki kilo 500 hivi. Hayo ni magunia matano ya kilo 100, na hakuna nafasi ya lumbesa. Hilux nyingi za kazi hubeba karibu tani moja.

Tufanye hesabu ya safari moja ya kwenda na kurudi ya kilometa 150, ambayo ni karibu sawa na kutoka Katesh hadi Babati na kurudi. Tuseme pikapu hiyo ya haibridi inakwenda kilometa 9 kwa lita. Itatumia karibu lita 17, yaani Sh. 50,000. Ukigawa kwa magunia matano, kila gunia limelipa Sh. 10,000 za mafuta.

Tuseme Canter ya dizeli, kuukuu lakini nzima, inakwenda kilometa 6 tu kwa lita na imebeba magunia 25. Itatumia lita 25, yaani Sh. 75,000 kwa bei ile ile ya mfano. Kila gunia limelipa Sh. 3,000.

Canter imekunywa mafuta mengi zaidi, na bado ndiyo iliyomtajirisha mwenyewe. Kwa mkulima, kipimo cha gari ni shilingi ngapi kwa gunia. Kilometa kwa lita ni hesabu nusu.

Deni lililofichwa chini ya kiti

Bei ya haibridi iliyotumika huonekana nafuu kwa sababu moja kubwa: betri. Nchini Marekani, General Motors na Ford walitoa dhamana ya betri ya haibridi kwa miaka minane au maili 100,000, yaani kilometa 160,000 hivi, kutegemea kipi kitangulie. Silverado ya haibridi ya mwisho ilitengenezwa kwa toleo la 2013, hivyo yoyote itakayoletwa leo imeshapita muda huo. Hata gari jipya zaidi, mtu asitarajie kwamba dhamana ya Marekani itamfuata hadi Haydom.

Betri hiyo si ya kununua duka la vipuri Babati. Ya Silverado ni ya volti 300 na imekaa chini ya kiti cha nyuma, na ya Tundra vilevile iko chini ya kiti. Zote hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni kutoka ndani ya gari. Mtu aliyewahi kusafiri nyuma ya basi wakati wa kiangazi katika nyanda za Hanang anajua vumbi lake. Vumbi likiziba njia ya hewa, betri huchemka, na betri inayochemka huzeeka haraka.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Gari la kawaida likikataa kuwaka, vijana watano hulisukuma na safari ikaendelea. Haibridi nyingi, Prius ikiwemo, hazina stata ya kawaida. Injini huwashwa na mota zinazotegemea betri kubwa. Betri hiyo ikifa, kusukuma hakusaidii. Ni kuvutwa hadi kwa fundi anayejua, na swali ni yuko wapi.

Hanang ilishaliona somo hili kwa kiwango kikubwa. Kuanzia miaka ya 1970, Kanada iliisaidia Tanzania kuanzisha kilimo cha ngano katika nyanda za Basotu chini ya shirika la umma la NAFCO. Yalikuwa mashamba saba, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walichungia mifugo yao, jambo lililozaa migogoro iliyofika mahakamani. Kilimo hicho kilitegemea mashine, vipuri na wataalamu kutoka Kanada. Msaada ulipokoma miaka ya 1990 NAFCO ilielemewa, na hatimaye serikali ikaamua kuyabinafsisha mashamba hayo. Mashine isiyo na vipuri wala fundi karibu ni mali kwenye karatasi tu.

Namna ya kuikagua

Pamoja na hayo yote, si kila haibridi ni mtego. Kwa aliyeamua kununua, yapo mambo ya kufanya kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kwanza, tazama kibandiko cha uzito. Pikapu za Marekani huwa nacho kwenye fremu ya mlango wa dereva, kikitaja mzigo na watu wasizidi uzito gani. Kinaandikwa kwa ratili na kilo. Kama kimebanduliwa, muulize muuzaji kwa nini.

Pili, fuatilia historia kwa namba ya chesisi. Kimbunga Harvey kilichopiga Texas Agosti 2017 kiliharibu mamia ya maelfu ya magari kwa mafuriko, na magari yaliyoloa huweza kusafishwa na kuuzwa tena. Maji yanaharibu gari lolote, lakini kwa haibridi uharibifu hujificha kwenye nyaya na betri kwa miezi kadhaa. Inua zulia, nusa, tafuta tope kwenye bolti za viti. Halafu lala chini utazame kutu, kwani majimbo ya baridi humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji.

Tatu, usiridhike kwamba taa ya hatari haiwaki kwenye dashibodi. Muuzaji anaweza kuifuta kwa kompyuta asubuhi ile ile. Nenda na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, asome hali ya betri kipande kwa kipande. Kisha lipakieni mzigo, liendesheni saa nzima, na mpande nalo mlima. Rudini mpime tena. Kipande dhaifu hujulikana baada ya kazi. Kwenye uwanja tambarare wa muuzaji hakionekani.

Nne, sikiliza feni ya betri na kagua njia yake ya hewa.

Tano, usimruhusu fundi wa kubahatisha kugusa nyaya za rangi ya machungwa. Hizo ndizo zinazobeba umeme mkubwa, nao unaua. Fundi halali huanza kwa kutenganisha betri na huvaa glavu maalumu. Asiyejua plagi ya kutenganishia iko wapi asifungue kitu.

Sita, jua kodi kabla ya kuagiza. Mamlaka ya Mapato (TRA) ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine huhesabiwa kwa thamani inayokubaliwa na TRA, si kwa bei ya chini uliyojisifia kuipata. Ukubwa wa injini na umri wa gari huongeza mzigo, na injini ya lita 6.0 haina pa kujificha.

Saba, kumbuka usukani uko kushoto. Kulipita lori kwenye barabara ya Babati hadi Singida, dereva akiwa upande wa kushoto, kunahitaji msaidizi wa kumchungulia mbele. Na siku ya kuuza, wanunuzi watakuwa wachache.

Nani inamfaa?

Yupo ambaye gari hili linaweza kumfaa. F-150 ya haibridi iliyowekewa mfumo mkubwa wa umeme inaweza kutoa kilowati 7.2 kwa mashine za nje. Fundi wa kuchomelea au wa visima, anayefanya kazi mbali na nguzo za TANESCO, atakuwa amenunua gari na jenereta kwa pamoja. Lakini naye aangalie: umeme huo ni wa Kimarekani, wa volti 120 na 240 na mzunguko wa hezi 60, wakati mashine zetu ni za volti 230 na hezi 50. Mota ya pampu itazunguka haraka kuliko ilivyokusudiwa. Amwone fundi umeme kabla ya kuchomeka.

Kwa anayependa haibridi lakini anataka mzigo, Japani imetengeneza malori madogo ya aina hiyo kwa miaka mingi: Hino Dutro na Toyota Dyna tangu 2003, Isuzu Elf tangu 2005 na Mitsubishi Fuso Canter tangu 2006. Usukani uko kulia na uwezo wa kubeba ni wa lori. Hata hivyo, betri ni ile ile ya kuchunguzwa, na fundi anayeijua Canter ya kawaida asidhani anaijua giaboksi ya haibridi yake.

Ipo pia Hilux mpya yenye msaada mdogo wa umeme wa volti 48. Toyota ilipoizindua Afrika Kusini mwaka 2024, ilitaja akiba ya mafuta ya hadi asilimia tano. Hiyo ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe, na ni vizuri ikumbukwe kila dalali anapotaja nusu.

Kwa mkulima wa kawaida wa Mbulu na Hanang, ambaye gari lake la kwanza litatokana na mauzo ya misimu miwili au na mkopo wa SACCOS uliowekewa shamba dhamana, ushauri ni mmoja. Chukua kalamu uandike magunia unayosafirisha kwa mwaka, gharama ya mafuta kwa kila gunia, jina la fundi na umbali wa kumfikia, na bei ya betri ikifa mwaka wa pili. Kama hesabu hiyo haikubali, ni heri wanne au watano mkaungana kununua Canter moja nzima, au mkaendelea kukodi huku mkiweka akiba.

Mafuta ni ghali, na kila mtu ana haki ya kutafuta unafuu. Lakini lita moja iliyookolewa barabarani haitoshi kulipia gari lililolala gerejini miezi mitatu likisubiri kipuri kutoka Marekani, huku vitunguu vikioza na mnunuzi wa lumbesa akipiga hodi.